Silabi, sauti au neno zima? Vizibo au vijiti? Ulinganisho kwa mwalimu wa darasa la kwanza

Ukipangiwa darasa la kwanza mwezi wa Januari, utagundua mapema kwamba kila mwalimu shuleni ana ushauri juu ya namna ya kufundisha kusoma, na hakuna hata mmoja anayetaka mbadilishane vipindi. Mkongwe atakwambia ni ba-be-bi-bo-bu, mengine ni mbwembwe. Aliyerudi semina juzi atakwambia siku hizi ni sauti za herufi. Mzazi naye akija kulalamika anataka kusikia mtoto "anasoma kitabu", basi. Nimekaa na darasa hilo miaka kumi na moja, katika shule ya serikali huku Morogoro kwenye mashamba ya katani. Njia hizo zote nimezijaribu, na baadhi nilizijaribu kwa hasara ya watoto wa watu.

Nimejifunza kuanza na lugha yenyewe kabla ya kuanza na njia. Kwenye kusoma Kiswahili ni rafiki wa mtoto kuliko tunavyodhani. Kwenye hesabu kinamshika mkono mpaka kumi na tisa, kisha kinamwachia njiani. Ukilijua hilo, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Kusoma

Njia ni tatu, na tofauti zake ziko hivi:

| Njia | Mtoto anaanza na | Nguvu yake | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Silabi | ba, be, bi, bo, bu | Inaendana na Kiswahili, inataka ubao na chaki tu | Inageuka wimbo |
| Sauti za herufi | /m/, /s/, /a/ | Vichache vya kukumbuka, inasaidia kuandika | Mwalimu asiyejua kutamka sauti anaiharibu |
| Neno zima | mama, embe, jina lake | Maana ipo tangu siku ya kwanza | Mtoto anakariri, hasomi |

Tuanze na silabi, maana ndiyo iliyotusomesha wengi wetu. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Herufi a ni a popote utakapoikuta, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Konsonanti za herufi moja ni 18, irabu ni 5, kwa hiyo unapata silabi 90, na chache kati ya hizo huzioni kwenye maneno kabisa. Mtoto aliyezishika anasoma baba, sabuni, kalamu, hata barabara, bila kufundishwa neno lolote kati ya hayo. Mtoto anayejifunza kwa Kiingereza hana bahati hiyo, kwa sababu kule herufi moja ina sura nyingi kama kinyonga. Ndiyo maana wenzetu wa huko wamegombana miaka mingi juu ya sauti na neno zima. Ugomvi huo ulipofika kwetu kupitia semina ulikuja na hofu ambazo si zetu.

Lakini chati ya silabi ina ugonjwa wake. Nilikuwa na kijana mmoja, mchangamfu, anayeongoza wenzake kuimba chati nzima akishika fimbo yangu. Siku moja nikamwonyesha *bu* peke yake kwenye kipande cha boksi. Akakitazama, akanitazama, kisha akaanza kunong'ona huku akikunja vidole: ba, be, bi, bo... bu! Alifika kwa kuhesabu vituo kama konda wa daladala. Tulikuwa mwezi wa Mei. Miezi mitano nilikuwa namsifia msomaji, kumbe nina mwimbaji.

Tangu siku hiyo chati yangu haikai ukutani kwa mpangilio. Nimeikata vipande. Asubuhi nachanganya kadi kama karata na kuita *ki, bo, sa, mu*, kila siku kwa mpangilio mwingine. Kama una muda wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye njia ya silabi, badilisha hicho.

Ugonjwa wa pili hauonekani haraka. Silabi 90 ni mzigo kama kila moja ni picha inayojitegemea. Kuna watoto wanaojua *ba* na wanaojua *da* lakini hawajawahi kugundua kwamba hizo mbili zinamalizika sawa. Hapo ndipo sauti zinapowafaa. Anayejua sauti tano za irabu, akiongezewa /s/ moja, amepata silabi tano kwa mpigo, na anajua zimetoka wapi. Kwenye imla tofauti inaonekana wazi: mtoto wa sauti anasikiliza neno na kulikata, mtoto wa chati anatafuta picha kichwani.

Sauti zinataka mwalimu aliyejiandaa, na hili semina nyingi zinalipitia juu juu. Jaribu kutamka /b/ bila irabu yoyote. Huwezi. Utasema "bu" au "be", na mtoto mtiifu ataunganisha ulichompa: bu na a... *bua!* Hajakosea, wewe ndiye uliyempa irabu ya ziada. Kwa hiyo usianze na b eti kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye alfabeti. Anza na sauti unazoweza kuzivuta: mmm, sss, nnn, lll, fff. "Mmmmaaa" linaungana lenyewe mdomoni. Wakiisha kushika mchezo wa kuunganisha, ndipo uwaletee b, d, k na t, na hizo nashauri uzilete moja kwa moja kama silabi. Usihangaike kuzitenga.

Mtego mwingine unatoka kwa watoto waliopita shule za awali za Kiingereza. Wanakuja wakijua majina ya herufi: ei, bii, sii. Ukiwaonyesha *e* wanasema "ii", ukiwaonyesha *i* wanasema "ai". Wasiojua kitu kabisa wanakwenda haraka kuliko hao kwa muhula wote wa kwanza. Usiwakemee. Waambie tu kwamba hilo ni jina lake, sasa tunataka mlio wake. Paka anaitwa paka lakini analia nyau. Wanaelewa.

Kuna jambo ambalo silabi haikupi, na sauti peke yake haikupi pia: ile *m* inayosimama yenyewe. Mtu, mti, mke, mlango. Kwenye chati haimo, na mtoto aliyefundishwa kwamba kila silabi ina irabu atasoma "mutu" au "matu". Tena kuna mchezo ndani yake. *Mbu* anayeuma ni silabi mbili, m-bu, lakini *mbu* ya mbuzi ni silabi moja, mbu-zi. Watu wazima wengi hawajawahi kulifikiria hilo, ila masikio yao yanajua. Ya watoto pia yanajua. Waambie wapige makofi: mbu, makofi mawili, mbuzi, makofi mawili, mtu, mawili, nchi, mawili. Mimi hucheza mchezo huu wiki tatu kabla hawajaona neno lolote la namna hiyo limeandikwa. Halafu ndipo zinakuja herufi mwambatano: ch, sh, ny, mb, nd, na mwisho kabisa ng na ng', ili ngoma isije ikagombana na ng'ombe.

Neno zima nilikaribia kulitupa. Mtoto mmoja wa kike alinisomea ukurasa wote, "Baba anakula embe", sauti safi, kidole kinatembea chini ya maneno. Nikafunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea kusoma! Hata hivyo sikulitupa, kwa sababu mbili. Kwanza, jina la mtoto mwenyewe ndilo neno analolipenda kuliko yote, na wiki ya kwanza ukiliandika kwenye kipande cha boksi amelitambua kabla hajaijua hata herufi moja. Pili, njia hii peke yake ndiyo inayoanza na maana. Na maana ndiyo inayopotea kirahisi kwenye Kiswahili, kwa sababu ya urahisi uleule niliousifu. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kiiraqw nyumbani anaweza kusoma aya nzima kwa ufasaha pasipo kuelewa neno. Mdhibiti ubora akija anasikiliza, anatabasamu, anaandika vizuri. Muulize mtoto "nani kafanya nini?" uone kimya kitakachofuata. Kwa darasa kama hilo mazungumzo ya mdomo yatangulie: hadithi, picha, vitu vya jikoni, na neno lisiende ubaoni kabla halijapita midomoni. Na kama lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, usitegemee imla ikuambie lolote kuhusu kalamu na karamu mpaka masikio yafundishwe kwanza.

Kenya walipoanzisha Tusome, mpango wao wa kitaifa wa kufundisha kusoma, mwaka 2015 hawakuchagua njia moja. Kila somo lilikuwa na sauti, silabi, maneno, kisha hadithi fupi na maswali yake. Watu huiga mpangilio huo na kusahau kilichoubeba: kila mtoto alikuwa na kitabu chake mkononi, na mwalimu alikuwa na mwongozo wa kila siku na mtu wa kumtembelea darasani. Kama kwako kitabu kimoja kinasomwa na watoto sita, wawili kati yao wakikiona kichwa chini, usinakili ratiba ya mwenye vitabu. Hadithi iandike ubaoni, mistari minne, herufi kubwa.

Uchaguzi wangu basi: masikio na makofi wiki za kwanza, kisha irabu, kisha sauti zinazovutika zikiungana kuwa silabi, halafu silabi zilizobaki kwa kadi zilizochanganywa. Neno zima ni majina yao tu na maneno mawili matatu ya darasani. Mwenye watoto 30 na vitabu vya kutosha anaweza kukaa zaidi kwenye sauti. Mwenye 100 na chaki peke yake aegemee silabi na asione aibu.

Hesabu

Sasa huku lugha inageuka. Hesabu mpaka kumi, halafu sikiliza: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kiswahili kinamwambia mtoto waziwazi kwamba hiyo ni kumi na kitu juu yake. Kisha inakuja ishirini, na hakuna "mbili" ndani yake. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, hamsini haina tano. Majina hayo tuliyapata kutoka Kiarabu, na kwenye sikio la mtoto hayana ndugu. Sitini, sabini na tisini zinanong'ona sita, saba na tisa, lakini themanini tena haimjui nane.

Ndiyo maana mtoto akiambiwa aandike ishirini na saba anaandika 207. Nimeliona hilo kila mwaka, bila kukosa. Anaandika ishirini, 20, na saba, 7, kama alivyoambiwa. Ukiweka kosa la wino mwekundu hapo umemwadhibu kwa kusikiliza.

Njia ya kukariri, yaani kuimba namba moja mpaka mia na kunakili mistari ya 1 hadi 100 kwenye daftari, haigusi tatizo hili hata kidogo. Njia ya vitu halisi inaligusa, lakini inategemea ni vitu gani. Vizibo vya soda ni vizuri mpaka kumi: havivunjiki, vinapangika safu mbili za tano tano, na jicho linajua kumi bila kuhesabu. Mawe yana kelele. Mahindi yanaliwa, tena mabichi. Abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, inapendeza mezani na mdhibiti anaipenda, lakini shanga moja kusimama badala ya kumi ni fumbo kwa mtoto wa miaka sita.

Vijiti vinashinda, kwa sababu moja tu: vinafungwa. Njiti za fagio la chelewa zilizokatwa sawasawa, kumi kumi, zimefungwa uzi wa katani. Fungu lina kumi ndani yake, mtoto anaweza kulifungua akahakikisha, na wanahakikisha kweli, hasa wale wasioamini. Weka mafungu mawili na vijiti saba. "Makumi mangapi?" Mawili. "Mamoja mangapi?" Saba. Kwa wiki tatu mimi siruhusu neno ishirini. Tunasema "makumi mawili na saba", na ubaoni tunaandika 2 chini ya makumi, 7 chini ya mamoja. Ishirini ikija baadaye inakuja kama jina la utani la makumi mawili. Wale wa 207 hawaishi wote, lakini wanabaki wachache wa kukaa nao mkekani.

Kwenye kujumlisha, swali si vijiti au kichwa. Swali ni mtoto anahesabu kuanzia wapi. Kwa 8 + 5, wengi wanachora mistari minane, mistari mitano, kisha wanaanza tena kuanzia moja mpaka kumi na tatu. Inaleta jibu, kwa hiyo mwalimu anaweka vema na kupita. Ukimkuta mtoto huyo darasa la tatu na 48 + 35, kurasa za nyuma za daftari zimejaa vijistari kama mvua, na katikati amekosea mmoja. Linganisha na anayeanza na nane kichwani: "nane... tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu", vidole vitano tu. Huyu ameshavuka mto. Na aliye mbele zaidi anaazima mbili kutoka kwenye tano ili nane iwe kumi, zinabaki tatu. Hapo Kiswahili kinarudi kusaidia kwa namna inayonifurahisha kila mara: jibu linajitaja lenyewe, *kumi na tatu*.

Kwa hiyo kukariri kuna mahali pake, ila nakariri nao vitu vichache: jozi zinazofanya kumi. Moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Tunaziimba tukinawa mikono kwenda kunywa uji. Jedwali la kuzidisha lisubiri. Kufundisha saa nitaliacha kabisa hapa, maana mtoto anayeona mshale umeelekea 7 na kuambiwa ni saa moja ana kesi yake ya peke yake.

Darasa zima au vikundi

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Kiwango rasmi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Nimewahi kuwa na 112. Semina zinatupa mfano wa India, shirika la Pratham, ambalo liliwagawa watoto kwa kile wanachoweza kusoma badala ya umri au darasa: wa herufi kwao, wa maneno kwao, wa aya kwao. Matokeo yake yamepimwa na watafiti kwa miaka mingi, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019. Sina ubishi na wazo hilo. Nina ubishi na saa. Kumpima mtoto mmoja mmoja kwa dakika tatu, watoto 112, ni dakika 336. Vipindi vyetu ni vya dakika 30, kwa hiyo vipindi kumi na moja vinakwisha kabla hujaunda kikundi hata kimoja, na wengine wote wakati huo wanafanya nini?

Ninachofanya ni kupima watano kila asubuhi wakati wengine wanaandika. Kadi mbili tu, moja ya silabi na moja ya maneno. Baada ya mwezi mmoja na kidogo nina vikundi vitatu, si vinne. Mwalimu mmoja hawezi vinne. Kitu kipya, hadithi na nyimbo ni vya darasa zima. Mazoezi ni ya vikundi, na mimi nakaa na kikundi cha chini, siyo kuzunguka kila mahali.

Mwaka wa kwanza nilivipa majina ya matunda ili wasijisikie vibaya. Wiki haikuisha, mtoto akanijia analia: "Tichaa, kaniita Chungwa!" Walishajua Machungwa ndio wasiojua kusoma. Sasa vikundi vinabadilika kila mwezi, na vya hesabu si vilevile vya kusoma. Yule konda wangu wa ba-be-bi-bo-bu alikuwa wa mwisho kwenye kusoma, lakini kwenye mafungu ya vijiti ndiye aliyekuwa akiwafungia wenzake, kwa fundo ambalo hata mimi silijui. Alilijifunza kwa babu yake shambani.